MNARA WENYE MAJINA YA WAFADHILI, MASHUJAA WASIO NA MAJINA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake na maswahaba zake.

Darasa la leo ni refu. Kama una haraka, lihifadhi ulisome baada ya Isha. Ila usisome kichwa cha habari tu ukakimbilia kuandika "sheikh kapinga mashujaa." Soma hadi mwisho ndipo unihukumu.

Niwaambie kilichonisukuma kuandika. Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, walinijia wageni wawili msikitini kwetu. Sitaitaja kamati yao wala mji, maana lengo langu si kumvunjia mtu heshima. Inatosha mjue kwamba ni huku kwetu, katika ukanda huu wa dhahabu unaoanzia Shinyanga, unapita Kahama hadi Geita. Walikuja kwa adabu, wakasema wao ni kikundi cha kuhifadhi urithi, na wanataka kujenga mnara wa kumbukumbu ya mashujaa wa vita. Waliomba waumini tuchangie, na mimi niwatangazie kwenye mimbari.

Walinifungulia mchoro. Juu kuna sanamu ya askari ameshika bunduki. Chini kuna msingi mpana wa mawe ya kung'aa, na kwenye msingi huo zimepangwa nafasi za maandishi. Nikadhani ni majina ya waliokufa. Nikauliza, nikajibiwa kuwa hapo patakaa majina ya wafadhili, kila mmoja kwa kiwango chake: mfanyabiashara mkubwa juu, wa kati katikati, na taasisi za dini pembeni.

Nikauliza: na majina ya mashujaa wenyewe yatakaa wapi?

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Sheikh, hayo tutayatafuta awamu ya pili."

Ndugu yangu msomaji, ningependa hilo jibu likae moyoni mwako kama lilivyokaa moyoni mwangu. Mtoaji pesa ana jina tangu siku ya mchoro. Mtoaji roho anasubiri awamu ya pili. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na hakuna asiyekuwapo kuliko maiti.

KWANZA: JAMBO HILI SI GENI

Nenda Dar es Salaam, katikati ya mji, pale Posta. Utakuta Sanamu ya Askari, mtu wa shaba ameinama na bunduki yake. Kabla yake, mahali hapo palikuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, iliyosimamishwa mwaka 1909. Wissmann ndiye aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri bin Salim na watu wa pwani, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kwa hiyo Mjerumani alimjengea sanamu aliyewaua wazee wetu, na mjini kwetu wenyewe. Akaja Mwingereza katika vita vya kwanza vya dunia, akaing'oa. Ikapelekwa Ulaya, ikasimamishwa tena Hamburg mwaka 1922 mbele ya chuo kikuu, mpaka wanafunzi wa huko walipoiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Wajukuu wa Wajerumani wenyewe waliona aibu.

Mwaka 1927 Mwingereza akazindua sanamu hii ya Askari tunayoiona leo. Maneno yake yaliandikwa na mshairi wao Rudyard Kipling, na yamechongwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa maandishi ya Kiarabu. Maana yake ni kwamba sanamu ni ya kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba hata kama walikufa, watoto wao watayakumbuka majina yao.

Sasa izunguke sanamu hiyo pande zote nne, utafute hayo majina. Hakuna hata moja.

Imeahidiwa kwa lugha tatu kwamba majina yatakumbukwa, na halikuandikwa hata la Juma, hata la Masanja. Huu ndio mnara wa "awamu ya pili" wa kwanza katika nchi yetu, na awamu hiyo inakaribia kutimiza miaka mia moja bila kufika.

Na hao wapagazi walikuwa wangapi? Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa upande wa Mwingereza peke yake katika vita vya Afrika Mashariki walikaribia 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa na kwa mizigo. Jina la Kariakoo unalolitaja kila ukienda kununua bidhaa limetoka kwenye kikosi chao hicho cha wapagazi.

Usidhani hilo lilikuwa jambo la pwani tu. Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza, kisha wakashuka kusini kupitia Shinyanga wakielekea Tabora, huku Wabelgiji wakitokea magharibi. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Ardhi waliyoikanyaga ni hii tunayolima pamba na mpunga, hii tunayochimba dhahabu. Jeshi halitembei huku kwetu bila mtu wa kulibebea, na wabebaji walichukuliwa vijijini. Muulize babu yako wa Kisukuma au wa Kinyamwezi, huenda katika ukoo wenu yuko mtu aliyeondoka na mzigo kichwani asirudi.

PILI: WALIKUWEPO WALIOLIPWA KUKUMBUKA

Mtu atasema, "Sheikh, zamani hizo hapakuwa na chombo cha kazi hiyo." Kilikuwepo. Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume maalumu ya makaburi ya vita, ambayo leo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa nzuri kabisa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Wazungu wao wakapata mawe, kila mtu na jina lake, mistari imenyooka, nyasi zimekatwa.

Kwa watu wetu kanuni ikabadilika. Kumbukumbu za tume hiyo hiyo zina taarifa kwamba mtawala mkuu wa Tanganyika wa wakati ule aliona makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo, wala hakutaka kutazama hesabu ya waliokufa. Ukaamuliwa mnara mmoja wa jumla Dar es Salaam, mmoja Nairobi, mmoja Mombasa, basi, shughuli imekwisha.

Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi. Ilisema watu kati ya 45,000 na 54,000, Wahindi, Waafrika, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni wa Afrika Mashariki na Misri.

Nami nitasema haki, kwa sababu Allah ametuamrisha tuwe waadilifu hata kwa tusiowapenda. Baada ya ripoti hiyo wameanza kurekebisha. Januari 2025 ulizinduliwa mnara Cape Town, Afrika Kusini, wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi weusi wa jeshi waliokuwa wamesahaulika, kila mmoja na nguzo yake ya mbao. Maana yake majina yanapatikana pale yanapotafutwa kwa nia. Neno "hayajulikani" mara nyingi tafsiri yake ni "hatujauliza."

Na vikundi vya urithi vya Ulaya navyo vina mambo yake. Huko Hamburg, katika eneo la Jenfeld, iko michongo miwili mikubwa iliyotengenezwa enzi za Hitler kwa ajili ya kambi ya jeshi iliyopewa jina la jenerali Lettow-Vorbeck. Inaonyesha askari weusi na wapagazi wakiwa katika msafara wa kijeshi chini ya Mzungu, watiifu, wanaridhika. Mwaka 2003 kikundi cha utamaduni cha mtaa ule kikaikarabati, kikaiweka kwenye bustani, na bustani ikaitwa "Tanzania". Wako wakazi wa Hamburg walioandamana kupinga. Tazama sasa: jina la nchi yako limetumika kupamba kumbukumbu ya waliokutawala, na waliochongwa humo hawana majina.

Ndiyo maana nasema, anayelipia mnara ndiye anayeamua nani akumbukwe. Usiangalie sanamu kwanza. Angalia nani katoa pesa, na jina lake liko wapi.

TATU: DINI YETU INASEMAJE

Hapa naomba utulivu, maana wapo wanaozidisha pande zote mbili.

Katika Suratu Nuh, Allah ametaja majina matano: Wadd, Suwa'a, Yaghuth, Ya'uq na Nasr. Ibn Abbas (r.a), katika riwaya iliyomo kwa Bukhari, ameeleza kwamba hao walikuwa watu wema. Walipokufa, shetani akawashawishi watu wao waweke masanamu mahali walipokuwa wakikaa na wayaite kwa majina yao. Mwanzoni hayakuabudiwa. Kizazi kile kilipoondoka na elimu ikasahaulika, yakaabudiwa. Mlango ulikuwa "kumbukumbu". Kwa hiyo Mwislamu anapoambiwa achangie sanamu ya mtu, na asite, msimwite mshamba. Anaujua mlango huo ulifunguka wapi.

Na katika Suratu Shu'araa, Nabii Hud (a.s) aliwalaumu kaumu yake kwa kusimamisha jengo la fahari katika kila mwinuko bila faida yoyote. Ndugu yangu, majengo ya fahari yasiyo na faida ni ugonjwa wa zamani.

Lakini je, Uislamu umetufundisha kusahau wafu? Hapana wallahi.

Alipozikwa Uthman bin Madh'un (r.a), Mtume (s.a.w) alibeba jiwe kwa mikono yake akaliweka kichwani pa kaburi, ili alitambue kaburi la nduguye. Alikuwepo mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti. Akafa, wakamzika bila kumwambia Mtume, wakaona kama jambo lake ni dogo. Mtume akamkosa, akauliza, akawalaumu kwa kutomjulisha, akaomba aonyeshwe kaburi lake na akamswalia. Mfagiaji! Wapagazi wetu walikuwa wafagiaji wa jeshi. Sunna ni kuuliza, "Yuko wapi yule?"

Na mnara wa vita wa Mtume (s.a.w) ulikuwaje? Soma habari za Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria. Ja'far bin Abi Talib (r.a) aliuawa huko. Habari zilipofika Madina, Mtume alikwenda nyumbani kwa Ja'far, akawaita watoto, akawakumbatia, macho yakamtoka machozi. Akaamuru watu wa Ja'far wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Baada ya siku tatu akamleta kinyozi awanyoe watoto, na akamwambia mama yao asihofie umasikini, yeye ndiye mlezi wao. Hakuchonga jiwe. Alilisha, akalea, akanyoa nywele za yatima.

Akaja Umar bin Khattab (r.a), akaanzisha diwani, daftari la serikali lenye majina ya wapiganaji na familia zao, kila jina na haki yake. Ukuta wa majina wa Umar ulikuwa daftari la malipo. Na siku moja alipokwenda sokoni alifuatwa na mwanamke kijana, akamwambia mumewe amekufa na kumwachia watoto wadogo wasio na shamba wala mnyama wa kukamua, na kwamba baba yake ni Khufaf bin Imaa, aliyekuwa pamoja na Mtume Hudaybiya. Umar alisimama, hakupita. Alichukua ngamia mwenye nguvu, akampakia magunia mawili ya chakula na juu yake matumizi na nguo, akamkabidhi kamba. Mtu mmoja akasema amempa kingi mno. Umar akamkemea, akamkumbusha vita alivyopigana baba wa mwanamke yule na kaka yake.

Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mashujaa katika Uislamu: jina lijulikane, aombewe dua, na mtoto wake asilale njaa.

NNE: HAYA YANANIHUSU MIMI KABLA YAKO

Wale wageni walipoondoka, nilijiona nimeshinda. Nimewauliza swali zito, wamenyamaza. Nikarudi nyumbani nimejaa.

Karibu na msikiti wetu anaishi bibi mmoja, mjane. Mumewe alikwenda kwenye vita vya Kagera, vita vilivyoanza mwishoni mwa 1978 Idi Amin alipovamia ardhi yetu, na majeshi yetu yakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Hakurudi. Kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunamtaja kwa jumla jumla. Nikaenda kumsimulia habari za mnara, nikitaraji anisifu.

Alinisikiliza. Kisha akasema, "Baba, mimi sanamu nitaifanyia nini? Waulize tu kama wanajua jina lake. Na wewe, unalijua?"

Sikulijua.

Ndugu zangu, nimekuwa imamu jirani yake kwa zaidi ya miaka 10. Nimepita mbele ya mlango wake mara tano kwa siku. Bati lake linavuja, nimeliona. Jina la mumewe sikuwahi kuliuliza. Alitoa kopo la maziwa ya unga, ndani yake mna karatasi iliyokunjwa hadi imekatika, na jina lake limo humo. Nilisoma nikiwa nimeinamisha uso. Yale niliyowauliza wale wageni yalikuwa yananisubiri mimi mlangoni kwa mjane.

Sasa kabla hujaicheka kamati, kabla hujamtukana Mwingereza wa 1927, jiulize: katika mtaa wako, wako wajane na yatima wangapi usiojua majina ya marehemu wao?

TANO: VITA VYETU VYA CHINI YA ARDHI

Kwa sisi wa ukanda huu iko orodha nyingine. Wachimbaji wadogo. Kijana anaingia kwenye duara asubuhi, matimba yamechoka, mvua imenyesha, kifusi kinashuka. Oktoba 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji walifukiwa, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakati mwenzao mmoja alikwisha kufa humo. Allah akitaka, kila kitu kinawezekana. Lakini wangapi hawakutolewa? Wengine walitoka mbali, mwenye duara alimjua kwa jina la utani tu, mwili ukazikwa, na kwao Kigoma au Singida mama anasubiri simu mpaka leo.

Mtume (s.a.w) amemhesabu anayekufa kwa kuangukiwa na kifusi miongoni mwa mashahidi. Shahidi! Na sisi hatuna hata daftari la majina yao. Mnara wa askari wa marumaru utasimama kilomita chache kutoka mashimo yenye mashahidi wasiotajwa, na wafadhili wake baadhi ni hao hao waliotajirika kwa mashimo hayo. Nasema hivi kwa uchungu, si kwa chuki.

SITA: MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wa kwanza atasema: "Basi tuyavunje masanamu yaliyopo." Hapana. Hiyo si kazi yako wala yangu. Kuna dola, kuna sheria, na fitna ni kubwa kuliko jiwe. Aliyesawazisha masanamu, Ali (r.a), alitumwa na mwenye mamlaka, hakujituma. Kazi yako ni kutotoa pesa yako mahali ambapo dhamiri yako imekataa, na kusema kwa adabu.

Wa pili atasema: "Mnachukia historia na nchi yenu." Sivyo. Nenda Kaboya, wilayani Muleba, walipolazwa mamia ya askari wetu wa vita vya Kagera. Kutoka Geita ni safari ya siku moja kupitia Chato na Biharamulo. Kuzuru makaburi ni sunna, yanakumbusha Akhera. Nenda, simama, waombee Waislamu maghufira, na wasiokuwa Waislamu jua kwamba familia zao ni jirani zako na haki ya jirani haiulizi dini.

Wa tatu atasema: "Pesa za wafadhili si zako, waache wajenge." Nyingine ni zako. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, mwenye leseni ya mgodi anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Kwa hiyo linapopendekezwa la kujengwa, una haki ya kwenda kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kusimama na kuuliza. Usiwe mtu wa kulalamika kijiweni na kukosekana mkutanoni.

SABA: TUFANYE NINI

1. Kila msikiti uwe na daftari. Andika majina ya waliokufa vitani na waliofukiwa migodini kutoka eneo lako, jina la baba, kijiji, mwaka, na warithi waliobaki. Kalamu na daftari havihitaji mfadhili.

2. Wazee wanaondoka. Mwaka huu kaa na babu na bibi yako, rekodi kwa simu yako. Simu inayohifadhi vichekesho haishindwi kuhifadhi jina la shahidi.

3. Mwenye duara, usimshushe mtu chini kabla hujaandika jina lake kamili na namba ya simu ya kwao. Hiyo ni amana, utaulizwa.

4. Badala ya sanamu, tuweke wakfu. Shinyanga tunajua kiu. Chimba kisima, kwa nia ya waliokufa. Kila ndoo inayotoka ni sadaka inayoendelea.

5. Bati la mjane kwanza. Sisi tumekwisha anza na lile la jirani yangu. Waumini walichanga Ijumaa mbili, likaezekwa. Sijaandika jina la mchangiaji hata mmoja popote. Allah anawajua.

Na wale wageni? Nimewapigia simu. Nimewaambia: badilisheni mchoro, ondoeni sanamu, toeni majina ya wafadhili, wekeni ukuta wa majina ya marehemu na bomba la maji chini yake, na mimi nitapanda mimbari kuwaombea mchango. Mmoja amekasirika. Mwingine ameniomba nimpeleke kwa yule bibi. Tutakwenda pamoja Jumamosi, inshaallah, na daftari tutakuwa nalo.

Ewe Allah, wewe unawajua kwa majina yao na ya baba zao. Hakuna kwako asiyejulikana. Wasamehe waliokufa katika imani, warehemu wajane, walee yatima, na usitujaalie tukawa watu wa kujenga juu na kusahau chini. Amin, amin, yaa Rabbal alamin.

Ukiona kuna faida, mtumie mwenzako. Na chini hapa usiandike "mashaallah" peke yake: andika jina moja la marehemu wa kwenu aliyekufa vitani au mgodini, na kijiji chake. Nitayanakili yote kwenye daftari.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.